Nini kinabaki?

Ndugu musomaji, unakumbuka Oktoba 1993? Zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Hapa Bukavu tulianza kuhesabu upya.

Mama aliuzisha mboga ku soko la Kadutu. Ndani ya sanduku alikuwa na noti mbili za 5.000.000. Mubadilishaji mmoja akamwambia: «Mama, hizo ni zaire mpya 3, basi.» Mama akaniangalia, sababu mimi nilikuwa nasoma.

Nikakata zero sita pande zote: 10 kugawanya kwa 3. Sheria ya shule inasema, jumlisha tarakimu. Jumla isipogawanyika kwa 3, namba nayo haigawanyiki. 1 na 0 ni 1. Basi, lazima kitu kibaki! Milioni 1 ilibaki, ni kusema makuta mapya 33 na theluthi. Ile theluthi haikuwa na noti.

Jirani alikuwa na noti moja ya namna ile. Tukaziunganisha: 15. 1 na 5 ni 6, inagawanyika. Zaire mpya 5 kamili! Mama akapata 3 na makuta 33, jirani 1 na makuta 67. Theluthi yetu tulimwachia.

Mwaka 1998 franka 1 ilichukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Zidisha mwenyewe: zaire za zamani 300.000.000.000!

Kijana, namba kubwa isikuogopeshe. Uliza tu: nini kinabaki, na kinabaki mfukoni mwa nani?