Gesti ya Mbulu, jiko la mkaa na mtoto wa mwaka na nusu

Basi kutoka Arusha liliingia Mbulu mjini jioni ya Julai. Mama aliyeshuka akiwa na mtoto mgongoni alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa baridi. Nepi zilikuwepo, unga wa uji ulikuwepo, hata poti ilikuwepo, imefungwa kwenye mfuko wa rambo. Walikuwa wanakwenda Nambis kwenye harusi ya shemeji yake, lakini nyumba ya wakwe ilishajaa wageni. Wakakubaliana na mumewe walale gesti mjini, kijijini waende asubuhi.

Chumba kilikuwa safi: kitanda cha futi tano kwa sita, chandarua, soketi moja ukutani, choo na bafu humo humo ndani. Mhudumu, dada mkarimu mwenye sweta mbili, alimtazama mtoto akatikisa kichwa. "Mama, huyu ataumia na baridi. Ngoja nikuletee jiko." Akaleta jiko la mkaa uliokolea, akaliweka pembeni, akafunga dirisha na kushusha pazia. Baba akashukuru.

Nusu saa baadaye mama alianza kuumwa kichwa, akadhani ni uchovu wa safari. Mtoto, ambaye kwa kawaida hapandi kitandani bila vurugu, alikuwa amelegea kimya. Wazazi wengi wangefurahi, na yeye anakiri alifurahi. Kilichowaokoa ni kiu. Baba alitoka kwenda kununua maji, na aliporudi kutoka kwenye hewa ya nje akakuta chumba kizito. Alipomwita mtoto, hakugeuka. Walipomtoa barazani alitapika. Bodaboda ikawapeleka hospitali, akawekewa oksijeni na kuangaliwa hadi alfajiri, ndipo akaanza kudai uji.

Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wengi wanajua moshi ni hatari, kwa hiyo wanasubiri mkaa ukolee, moshi uishe, ndipo waliingize jiko ndani. Lakini mkaa uliokolea bila moshi bado unatoa sumu hiyo. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo anaweza kuathirika mapema, na hawezi kusema "kichwa kinaniuma". Analegea na kusinzia tu. Watu wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya chumba chenye jiko, kinachotakiwa ni kutoka nje kwanza, halafu kwenda hospitali. Dawa ya maumivu haitoshi.

Mhudumu yule hakuwa na nia mbaya. Nyanda za Mbulu ni za juu, na Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Hali ni hiyo hiyo kwa anayelala Katesh, wilayani Hanang, chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400. Jiko ndilo ukarimu wa huko. La kufanya ni kulikataa kwa adabu na kuomba blanketi la pili na chupa ya chai yenye maji ya moto. Mtoto avae nguo nyepesi mbili tatu, moja juu ya nyingine, na soksi. Zinatunza joto kuliko koti moja zito. Kitanda cha mtoto ni nadra kwenye gesti zetu. Kama mtoto anabiringika, sogeza kitanda kibane ukutani bila kuacha upenyo, au omba godoro lishushwe juu ya mkeka.

Chandarua kisidharauliwe kwa sababu ya baridi. Basi la Arusha kwenda Mbulu kupitia Karatu hukatiza Mto wa Mbu, na jina hilo halikutolewa kwa utani. Homa ya malaria huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo mtoto akichemka baada ya kurudi nyumbani, mwambie mhudumu wa afya mlipita wapi.

Halafu kuna ndoo. Gesti nyingi maji ya kuoga huletwa ya moto kwenye ndoo, na huwekwa bafuni mlango ukiwa wazi wakati mzazi anatafuta sabuni. Mtoto wa mwaka na nusu anafika hapo kabla yako. Pokea ndoo mlangoni, tia maji baridi kwenye beseni kwanza, ya moto yafuate, kisha pima kwa kiwiko. Akiungua, mwagie maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 na umpeleke hospitali. Dawa ya meno, asali na mafuta viacheni kwenye begi.

Baridi pia huleta kikohozi, na hapo saa ya simu inasaidia kuliko ushauri wa majirani wa chumba. Mtoto akiwa ametulia, hesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Kwa mwenye umri wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, mara 40 au zaidi ni dalili ya nimonia; chini ya mwaka, kuanzia miezi miwili, ni 50. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usisubiri kukuche. Kabla hamjafungua mabegi, muulize mtu wa mapokezi hospitali ya karibu iko wapi na nani ana bodaboda usiku. Walio upande wa Haydom wana hospitali ya Kilutheri iliyopo tangu 1955. Kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wa mkononi, si chini ya begi.

Familia ile ilifika Nambis saa nne, harusi ikiwa bado haijaanza. Bibi wa mtoto alikuwa ameandaa jiko ndani ya chumba cha wageni. Mkwe akalibeba mwenyewe hadi uani, akamweleza mama mkwe sababu, na watoto wote waliolala pale usiku ule waligawiwa blanketi.