Usilipe Shibe kwa Njaa

Ras Kisimani, Mafia
Mwezi wa Rajabu

Mwanangu mpendwa,

Kaskazi inavuma, na usiku wa giza taa za wavuvi wa dagaa zinaonekana mpaka alfajiri.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umenieleza jambo ulilokuwa ukimficha hata mama yako: kwamba ukishafunga duka Kariakoo unapitia chipsi mayai, chapati na mishikaki, unaingia chumbani kwako Mbagala, unafunga mlango na kula kwa pupa mpaka tumbo linauma, na bado mkono hausimami. Kisha unakesha ukijichukia. Umenieleza pia kwamba tangu uanze kuonana na mshauri, usiku wa namna hiyo umepungua sana. Alhamdulillahi. Kusema ulichokuwa unakificha ni kazi kubwa, na wewe umeifanya.

Kilichonitia wasiwasi ni mwisho wa ujumbe. Unataka sasa kurudisha afya yako yote kwa mpigo: mlo mmoja kwa siku, mbio kila alfajiri, na yale majani ya kupunguza mwili uliyoyaona kwenye simu. Hapo, mwanangu, nakukataza. Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya nusu ya umri wangu, nisikilize.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys, alichukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wazima wa mwili na akili, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa muda wa miezi 6. Walipungua kiasi cha robo ya uzito wao. Wakawa hawana mazungumzo ila chakula. Wengine wakasoma vitabu vya mapishi usiku na kulamba sahani. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula bila kujua pa kuishia, tumbo limejaa na roho bado inadai. Vijana hawa hawakuwa walafi kabla ya hapo. Njaa ndiyo iliyowafikisha pale. Sasa wewe unataka kuutibu usiku kwa kuufungisha mchana, na mchana wa njaa ndio unaouzaa ule usiku.

Ugonjwa wako huu wa kula kwa pupa unajulikana. Mwaka 1959 daktari Mmarekani, Albert Stunkard, aliandika juu ya wagonjwa waliokuwa wakila hivyo, na mwaka 2013 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani wakauingiza katika kitabu chao kama ugonjwa unaojitegemea. Hautambuliwi kwa unene. Wapo wembamba wanaougua. Unatambuliwa kwa kushindwa kujizuia, kula kwa siri na majuto yanayofuata, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Wala asikudanganye mtu kwamba ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wanawake wa Tanzania ulikuta dalili za matatizo ya kula kwa baadhi yao.

Nami nakukumbuka ulipokuwa mdogo, uani kwa bibi yako. Kusi ikichacha, ngalawa hazitoki, kitoweo kinakuwa haba. Watoto wote mlizunguka sinia moja la wali na kipande kimoja cha changu katikati. Mkono wako ulikuwa mwepesi kuliko yote. Ulimeza tonge bila kulitafuna, jicho liko kwenye tonge linalofuata, kwa sababu aliyechelewa alilala na ukoko. Watafiti wameona kwamba watu wanaoishi na chakula cha mashaka hupatwa zaidi na kula huku kusikozuilika. Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba huna adabu. Mwili wako ulijifunza mapema kwamba chakula hakina uhakika, na kazi yako sasa ni kuuhakikishia kila siku kwamba kipo.

Unauhakikishia kwa kula kwa wakati. Daktari Christopher Fairburn wa Oxford, aliyewatibu wagonjwa kama wewe kwa miaka mingi, alikuwa akiwaanzisha na utaratibu huo kabla ya mengine: milo 3 na vitafunwa 2 hivi, bila kukaa zaidi ya saa 4 hivi tumbo tupu. Asubuhi usitoke na chai ya rangi peke yake. Kula muhogo wa kuchemsha na yai, au uji mzito. Mchana nenda kwa mama lishe, ukae kwenye benchi. Usifungiwe chakula ukaenda kula nyuma ya marobota ya dukani. Wali wa kiasi, maharage, mchicha, samaki. Alasiri chungwa na korosho kiganja kimoja. Usiku kula na wenzako pale pale mtaani, uingie chumbani ukiwa umeshashiba. Na ikitokea usiku mmoja umeteleza, asubuhi yake kunywa chai na kitafunwa chako kama kawaida. Usiruke mlo kwa adhabu. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ninalokusihi zaidi.

Ama mwili mzima, uupe zamu yake. Pima presha, ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kila ikipimwa, urudi kwa daktari usingoje kichwa kiume. Pima sukari kabla ya kula asubuhi. Ikifika 7 si ya kupuuza. Meno nayo yaangaliwe, maana soda za usiku zimeyala. Mwenzako wa chumba cha pili anasema unakoroma kisha pumzi inakatika. Mweleze daktari hilo kwa maneno hayo hayo, kwani usingizi mbovu huongeza njaa ya kesho yake. Kutembea kunatosha. Shuka daladala kituo kimoja kabla, kila siku. Mwaka 2002 Marekani ulitoka utafiti wa watu waliokuwa wanakikaribia kisukari: walioelekezwa kula vizuri, kutembea dakika 150 kwa wiki na kulenga kupunguza 7% tu ya uzito walipunguza hatari ya kuugua kwa 58%. Unaona ni kidogo kiasi gani? Mizani iache kwanza, itafuata yenyewe. Yale majani yatupe. Mengi ya aina hiyo ni ya kuharisha; yanakutoa maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki pale pale.

Ramadhani inakaribia, na najua unaiwazia. Dini yetu imempa mgonjwa ruhusa, nawe ni mgonjwa uliye njiani kupona. Kamuulize mshauri na daktari, kisha shekhe, kabla Shaabani haijakwisha. Wakikuruhusu kufunga, usiache daku. Magharibi fungua kwa tende na uji, kasali, ndipo urudi kwenye viazi vya nazi na tambi, upakue mara moja na kula pamoja na watu. Watu watakusomea ile hadithi ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Ni maneno ya kweli, lakini Mtume hakuyasema ili mtu ajichukie.

Na ukija huku jiandae na ndimi. Kilindoni watakwambia umenawiri, una mwili wa fedha. Wengine watakung'ang'aniza uongeze wali, maana kwetu mgeni asiyeongeza ameudharau mji. Jibu, "Nimeshiba, Mungu awazidishie," unyanyuke ukanawe. Hakuna zaidi unachodaiwa.

Boti ya Nyamisati panda ukiwa umekula. Uje na kadi yako ya kliniki, tuipeleke hospitali ya wilaya ili wakupime hapa hapa usipitwe na tarehe. Jioni maji yakitoka tutatembea mimi na wewe mpaka kwenye mabaki ya mji wa kale wa Kisimani, uliokuwapo enzi za masultani wa Kilwa, ingawa bahari imeshaula sehemu kubwa. Mama yako nimwambie au utamwambia mwenyewe? Kwa upande wangu naona afadhali umwambie wewe, na nitakuwa nimekaa karibu.

Ukishamaliza kusoma, nijibu jambo moja leo leo: mchana umekula nini, na umekula na nani?

Mama yako mkubwa