Ruhusa Isiyoombwa Tena

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya, na sioni tangu utotoni. Nilipokuwa chuoni, riwaya ilinifikia kwa mdomo wa mwenzangu: yeye anasoma, mimi natoboa nukta nundu kwa kalamu ya chuma kwenye karatasi nzito. Kitabu chembamba kilijaza mkoba. Msomaji wangu akichoka au akiitwa na shughuli zake, somo liliishia hapo.

Kunakili kitabu kizima kwa nukta nundu nako ni kunakili, kwa hiyo shirika lililotuhudumia liliomba kwanza idhini ya mwenye hakimiliki. Kitabu kimoja cha mtihani kiliombewa idhini kwa barua. Jibu lilifika mtihani ukiwa umeshapita. Nilipolisikia neno hakimiliki miaka ile, niliwaza barua hiyo tu.

Baadaye nikachapisha hadithi zangu. Nikajua mrabaha ni nini, nikajua pia uchungu wa kusikia fotokopi za kitabu chako zinauzwa karibu na lango la shule. Sheria niliyoichukia ndiyo niliyoikimbilia.

Kisha ukaja Mkataba wa Marrakesh, mkataba wa kimataifa wa kuwafikishia vitabu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, uliopitishwa Juni 2013. Kenya ilijiunga 2017, na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019 yakauingiza katika sheria zetu. Taasisi iliyoidhinishwa, isiyotafuta faida, sasa inaweza kutengeneza nakala ya nukta nundu, ya sauti au ya kompyuta bila kumwomba mtu ruhusa, hata kuipeleka katika nchi nyingine iliyojiunga. Hapohapo inabanwa: ihakikishe anayepokea kweli hawezi kusoma maandishi ya kawaida, na itunze kumbukumbu za nakala hizo. Niliposomewa masharti hayo, woga wangu wa mwandishi ulinitoka. Wasomaji hawa hawakuwa wakinunua kitabu changu. Hakikuwapo dukani katika umbo lolote wanaloweza kulisoma. Shilingi ya nani ilipotea?

Mwanafunzi mmoja asiyeona alinipigia simu kutoka shule ya mbali kuhusu hadithi yangu moja. "Mwalimu, yule mama hakustahili kusamehewa," akasema, kisha akanitajia sentensi iliyomkera. Alikuwa ameisoma mwenyewe, kwa vidole vyake. Tulibishana mpaka salio lake likakatika, nikampigia, tukaendelea.

Bado kuna kero kubwa. Taasisi hununua kitabu, hukikata mgongo, hukipitisha kwenye skana, kisha watu huketi kusahihisha makosa ukurasa baada ya ukurasa. Wakati huo wote faili safi imelala kwenye kompyuta ya mchapishaji. Ruhusa imeondolewa, lakini faili inatolewa kwa hiari, na wachapishaji wengi hawaitoi. Nataka marekebisho yajayo ya sheria yawe na kifungu cha kuwalazimisha, na nitakitetea kifungu hicho nikiwa mwandishi mwenye haki zangu. Mkataba wa kitabu changu kijacho tayari unasema hivyo: siku kinapoingia dukani, faili yake iwe imefika kwa taasisi inayowahudumia wasioona.