Mtoeni Kijana Machungani

Glasgow, Uskoti

Ndugu zangu wa Haydom na Katesh,

Nimesoma kwenye kundi la ukoo kwamba kijana wetu mmemtoa Arusha, alikokuwa akinywa methadoni, aje "apumzike na hizo dawa". Eti ale ugali wa mtama kwa maziwa mgando, achunge ng'ombe, unga wa heroini atausahau. Maziwa yenu nayaota hata mimi, lakini arosto ya kukosa unga haijawahi kutibiwa kwa mtindi.

Huku methadoni iko duka la dawa la mtaani. Nimepanga foleni nikitafuta dawa ya kikohozi. Mbele yangu fundi rangi, ovaroli lina madoa. Anaitwa jina, anapewa kikombe kidogo cha dawa ya kijani, anakinywa mfamasia akimtazama, anashushia maji, anasema mawili matatu ijulikane amemeza. Huyoo, kazini! Kikombe hicho kinamshikilia karibu siku nzima: arosto haimliza, hamu ya unga inatulia. Madaktari Dole na Nyswander walilionyesha hilo New York mwaka 1965. Wapo wanaokunywa kwa miaka mingi, wala hakuna shangazi anayewauliza wataacha lini.

Kwetu dawa hii hutolewa bure tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2011. Ila kikombe ni cha kila siku, na kutoka Katesh hadi kliniki yake Arusha ni zaidi ya kilomita 200. Nani atakwenda na kurudi kila asubuhi? Harusi mnachangishana hadi mabasi ya kukodi. Kodi ya chumba kimoja cha kijana huko Arusha imewashinda? Na nyie mnaosema "kaacha unga kahamia kikombe", wengine mnayaandika hayo mkiwa kilabuni.

Akilazimika kusafiri, hata kwa msiba, kliniki ijue kwanza. Akikosa siku tatu asinywe dozi ileile. Wampime upya, maana mwili umeshaanza kuisahau. Vivyo hivyo unga: akiuonja kwa kipimo cha zamani, unaua. Gongo na vidonge vya usingizi asiguse. Akikoroma ajabu, midomo ikabadilika rangi, haamki, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na mseme wazi alichotumia, kwa sababu naloksoni ipo na inarudisha pumzi. Aibu yenu iachwe mlangoni.

Wazee wa vikao, mbaneni mganga mkuu wa wilaya: dozi itasogezwaje karibu?

Nauli ya kijana kurudi Arusha nimeshatuma. Aliyeipokea kwenye simu anajijua.