Barua kutoka Doha: Fukuto la nchi isiyo na mvua

Mdogo wangu,

Nimepata ujumbe wako kwamba mkataba umeshasainiwa na utafika huku mwishoni mwa Agosti, kazi ya ulinzi, zamu ya usiku. Umeniandikia kwamba joto halikutishi, umekulia Tanga, na kwamba joto la jangwani angalau ni kavu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikae nikuandikie, na wenzako wanaojiandaa kuja nao wasome.

Jangwa ni jangwa kweli. Mvua ya Doha kwa mwaka mzima haifiki milimita 100, wakati Tanga inapita 1,000. Lakini ardhi inaweza kuwa kavu na hewa ikawa imejaa maji. Ili mvua inyeshe, hewa yenye mvuke lazima ipande, ipoe, ifanye mawingu. Huku kiangazi hewa ya juu inashuka, na kadiri inavyoshuka inazidi kupata joto, mpaka inailalia hewa ya chini kama kifuniko cha sufuria. Mvuke unakosa pa kupandia. Unabaki hapa chini tunapoishi sisi.

Na unatoka baharini. Ghuba hii ina kina cha wastani cha mita 35 hivi tu, imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na maji yake yanakutana na bahari kuu kwenye mlango mmoja mwembamba wa Hormuz. Jua linaipiga kutwa bila wingu. Agosti maji ya juu hufika nyuzi 34 na kupita. Bahari yenye joto hivyo hutoa mvuke mwingi mno, na hewa ya moto inaupokea: hewa ya nyuzi 40 inaweza kubeba mvuke zaidi ya mara mbili ya ile ya nyuzi 25. Pepo ndizo zinazoamua siku yako. Ukivuma ule wanaouita shamal, kutoka kaskazini-magharibi, unaleta vumbi na ukavu. Ukigeuka ukatoka mashariki, baharini, basi ni fukuto.

Walioko Riyadh, mbali na pwani, mara nyingi wana nyuzi nyingi kuliko sisi, lakini jasho lao linakauka, na kukauka huko ndiko kunakopoza mwili. Siku ya shamal utaona mistari myeupe ya chumvi kwenye shati la mlinzi. Siku ya fukuto chumvi huioni. Shati linachuruzika, na mwili haupoi hata ukinywa ndoo ya maji. Tazama pia vioo vya madukani saa tano za usiku: vimelowa kwa nje, upande wa barabarani, kwa sababu kiyoyozi kimekipoza kioo na mvuke wa nje unageuka maji pale pale. Ukitoka na miwani unasimama mlangoni kwanza, huoni kitu.

Tarehe 8 Julai 2003, Dhahran, Saudi Arabia, kwenye pwani hii hii, joto lilikuwa nyuzi 42, na hewa ilikuwa na mvuke mwingi kiasi kwamba ingepoa hadi nyuzi 35 tu umande ungeanza kutoka. Mwili wa binadamu kwa nje una nyuzi 35 hivi. Katika hewa ya namna ile hata ukae kivulini, jasho lina uwezo mdogo sana wa kukusaidia.

Sheria ya Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, toka Juni 1 hadi Septemba 15. Ni sheria njema, imeokoa watu. Ila inafuata jua, na fukuto halifuati jua. Usiku joto linashuka kidogo, mvuke uko pale pale, na bahari bado ina moto wake Septemba yote. Kipengele chenye maana zaidi kwako ni kile cha 2021: kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kikipita nyuzi 32.1, kazi isimame, saa yoyote ile. Kikariri kipengele hicho kabla hujapanda ndege.

Kwa hiyo usiniulize tena kuna nyuzi ngapi. Kwenye simu yako tafuta kiwango cha umande, zile nyuzi ambazo hewa ikipoa kuzifikia umande huanza kutoka: kikifika 28, punguza mwendo, kaa penye upepo, ingia kwenye kiyoyozi kila unapopata nafasi. Muulize wakala kama kibanda cha lango kina kiyoyozi, akujibu kwa maandishi. Wiki mbili za kwanza mwili unajifunza, usishindane na waliokutangulia. Ukisikia kichwa kinazunguka, au mwenzio anaongea mambo yasiyoeleweka, msingoje zamu iishe. Mmwagieni maji, mpepeeni, pigeni 999.

Mwambie mama shikamoo yangu. Nguo beba za pamba nyepesi, na mashati yawe ya kubadilisha katikati ya zamu.

Kaka yako