Niligonga mlango wa jirani kutafuta kibiriti

Umeme ulikatika saa tano kasoro robo usiku, Jumamosi ya Desemba 5, 2015. Nilikuwa chumbani kwangu katika mji wa Lancaster, kaskazini magharibi mwa Uingereza, naandika kazi ya chuo kwenye kompyuta. Nilikuwa na miaka 24, na miezi miwili tu ya kukaa ugenini.

Mwenzetu wa Kiingereza aliyepanga chumba cha chini alipiga kelele. Mimi na dada mmoja kutoka Nigeria tulicheka. "Karibuni nyumbani!" alisema yule dada kwa sauti, nyumba nzima ikasikia. Mtu aliyesoma sekondari na mgao wa mwaka 2006 hashtushwi na giza. Nilipapasa tochi, nikaendelea na kazi yangu nikijua betri ina saa mbili.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Dhoruba ile iliitwa Desmond. Waingereza ndiyo kwanza walikuwa wameanza, mwaka huohuo, kuzipa dhoruba majina ya watu. Haikuleta theluji kama wengi wetu tunavyofikiria baridi ya Ulaya. Ilileta maji. Kwenye milima ya Cumbria, mahali panapoitwa Honister, zilipimwa milimita 341.4 za mvua ndani ya saa 24, rekodi ya nchi nzima. Kwa mlioko Dar es Salaam, hiyo ni karibu theluthi ya mvua yenu ya mwaka mzima, imemwagwa kwa siku moja. Mto Lune unaopita Lancaster ukafurika, maji yakaingia kwenye kituo cha kupoza umeme. Nyumba na biashara zipatazo 61,000 zikabaki gizani.

Kabla ya kulala nilichungulia dirishani. Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba zilizoshikana, ukuta mmoja watu wawili. Madirisha kadhaa yalikuwa na mwanga wa mshumaa. Nyumba ya mlango wa kijani, iliyotuelekea, haikuwa na kitu.

"Yule bibi anakaa peke yake," yule dada alisema.

Nikamjibu, "Huku watu hawapendi kugongewa usiku."

Nilisema hivyo kama mwenyeji. Miezi miwili ilikuwa imenitosha kujifunza kwamba jirani anasalimiwa siku ya kutoa taka, na salamu yenyewe ni ya hali ya hewa. Nikarudi kwenye kompyuta, betri iishe nikiwa nimefika mbali. Kazi niliyokuwa naandika, niwaambie tu, ilihusu wazee wanaofariki majira ya baridi. Uingereza ilikuwa ikihesabu kila mwaka vifo vinavyozidi kawaida katika miezi hiyo, na wengi wa waliofariki walikuwa watu wazima sana, baadhi yao kwenye nyumba zisizo na joto la kutosha. Nilikuwa na aya nzima kuhusu umuhimu wa majirani.

Asubuhi ya Jumapili ndipo mji ulipoanza kuelewa umepoteza nini. Sisi umeme ukikatika tunakosa taa, feni na televisheni, maisha yanaendelea. Kule karibu kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye waya huohuo. Mitambo ya kupasha nyumba joto inatumia gesi, lakini bila umeme haiwaki. Simu za mkononi zilipoteza mtandao kwa sababu minara nayo inahitaji umeme. Simu za mezani za kisasa, zile zisizo na waya, zilikufa. Kadi za benki hazikufanya kazi madukani, na watu wengi hawakuwa na hata pauni tano taslimu. Niliona baba mmoja mwenye suti nzuri akimwomba muuza duka mkate kwa mkopo, na muuza duka akiandika jina lake kwenye boksi. Daftari la mangi kabisa.

Watu walitoka nje. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Mzee mmoja alifungua milango yote minne ya gari lake akawasha redio, na majirani wakaizunguka kusikiliza kituo cha hapo mjini, The Bay, kilichokuwa kinaendelea kurusha matangazo. Watu waliokuwa wamekaa mtaa mmoja miaka kumi waliulizana majina. Wengine walitembea hadi hospitali kubwa ya mji, iliyokuwa na jenereta, wakitafuta mahali penye mwanga na soketi ya chaja.

Kulikuwa na ujinga pia. Kijana mmoja alitaka kuingiza jiko lake la kuchomea nyama ndani, la mkaa, ili watoto wapate joto. Hapo nilipaza sauti. Wasomaji wa ukurasa huu mnajua ni mara ngapi tumeandika kuhusu familia zilizolala na jiko la mkaa zisiamke, kwa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Kijana alinishukuru, akalirudisha uani. Nikajiona mtaalamu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miezi minne anayetumia maziwa ya kopo. Birika lake lilikuwa la umeme, jiko la umeme. Sisi tulikuwa na jiko la gesi, lakini kiwashio chake kilikuwa cha umeme. Gesi ipo, maji yapo, mtoto analia, na nyumba tano hazina kibiriti. Nani ana kibiriti Uingereza siku hizi? Mtu akasema, jaribuni kwa bibi wa mlango wa kijani, zamani alikuwa akivuta sigara.

Hivyo ndivyo nilivyogonga. Ilikuwa imekaribia saa sita mchana.

Alichukua muda mrefu kufungua. Alikuwa amevaa koti la kutokea, kofia ya sufu na blanketi mabegani. Nilipompa mkono nilihisi nimeshika kitu kilichotoka kwenye friji. Bahati ya wote, wiki ile haikuwa na baridi kali kwa kipimo cha Desemba. Ingekuwa nyuzi sifuri, sijui. Alisema alikuwa kitandani tangu usiku kwa sababu ndipo palipokuwa na joto kidogo. Alikuwa amekula biskuti. Nilimuuliza kwa nini hakuita mtu.

"Sikutaka kusumbua, mpenzi," alisema. Huku kaskazini huita kila mtu mpenzi.

Kibiriti alikuwa nacho, kwenye droo ya jikoni. Nilikwenda nikakipeleka kwa wenzangu, tukachemsha maji, mtoto akapata maziwa. Kikombe cha kwanza cha chai nilimrudishia bibi, na chupa ya maji ya moto ya kukumbatia. Ndipo nilipoiona simu. Ilikuwa ukutani, ya waya, ya vitufe vikubwa. Simu za aina ile zilikuwa zikipata umeme kidogo kupitia waya wake wenyewe, kutoka kwenye kituo cha simu. Ilikuwa inafanya kazi.

Nilimwomba nimpigie mama yangu. Nilijua Morogoro wanasikiliza redio, na kwamba mama akisikia mafuriko kaskazini mwa Uingereza hatajali kama ni mtaa wangu au la. Bibi akasita. Nilidhani anawaza gharama ya kupiga nje ya nchi, nikamwambia nitalipa.

Haikuwa gharama. Mwanawe wa pekee alikuwa Carlisle, mji ulio kaskazini zaidi, na mtaa wake ulikuwa umetajwa jana jioni kwamba unafurika. Alikuwa amempigia usiku kucha bila kupata jibu. Sasa alikuwa anangoja apigiwe. Nikishika laini, mwanawe akapiga, ataikuta inatumika.

Nikasema basi, nitatafuta njia nyingine. Akanyanyua mkono wa simu akanikabidhi. "Mama yako kwanza," alisema. "Angalau mmoja wetu ajue."

Mama alipokea kabla haijaita mara mbili. Hakusema halo. Alisema, "Mwanangu, uko hai?" Nikamwambia niko hai, nyumba haikuingia maji, tumekosa umeme tu. Nilisikia watu nyuma yake wakishukuru. Nyumba ilikuwa imejaa kama ya msiba. Akaniuliza natumia simu ya nani. Nikamweleza kwa kifupi: bibi mmoja jirani, yuko peke yake.

"Amekula?"

Sikutegemea swali hilo. Nikasema ndiyo, amekunywa chai.

"Usiku alilala na nani?"

Nikanyamaza kidogo. Halafu nikamwambia nilikuwa nimekwenda kumwangalia tangu jana. Mama akasema, "Ndivyo nilivyokulea," na nikakata haraka kwa kisingizio cha laini.

Umeme ulirudi alfajiri ya Jumatatu, ukakatika tena mchana kwa watu wengi, na kwa siku kadhaa mitaa ilinguruma kwa majenereta makubwa yaliyoletwa kutoka mbali. Chuo kilifunga muhula mapema na kuwarudisha wanafunzi makwao. Mimi sikuwa na kwenda. Usiku ule wa Jumapili tulilala kwa bibi, sote watatu, kwenye magodoro sebuleni, na kila gari lililopita nje bibi alinyanyua kichwa. Mwanawe alipiga Jumatatu saa tatu asubuhi. Alikuwa ametolewa nyumbani kwa boti na mkewe na mtoto, simu ikaachwa ndani ya maji. Bibi alimsikiliza, akamkemea kama dakika nzima, kisha akakaa kwenye kiti na hakusema kitu tena hadi mchana.

Wiki iliyofuata yule mzee wa redio alitupeleka Carlisle na gari lake. Nimeripoti mafuriko mengine tangu wakati ule, lakini mtaa ule bado ninao kichwani. Mbele ya kila nyumba kulikuwa na kilima: makochi, mazulia, friji, magodoro, midoli. Maji yalikuwa yamechanganyika na ya vyooni, kwa hiyo kila kilicholowa kilitupwa. Wazazi walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa na sababu. Mji ule ulifurika Januari 2005, watu watatu wakafariki. Baadaye zikajengwa kingo kwa mamilioni ya pauni, na watu wakarudi kupaka rangi nyumba zao wakiamini yameisha. Maji ya Desmond yalipita juu ya kingo hizo.

Mjukuu wa bibi alikuwa na miaka saba. Alizunguka nyumba tupu akiuliza kila baada ya dakika chache kama leo kutanyesha. Kila mtu mzima alimjibu, "Hapana, usijali," bila hata kutazama mbingu. Mimi pia nilimjibu hivyo. Saa tisa ikaanza kunyesha, na yule mtoto akatutazama mmoja mmoja.

Chuoni kwangu, nilikuja kujua baadaye, walikuwapo watafiti waliokuwa wakikaa na watoto wa maeneo mengine ya Uingereza yaliyofurika, wanawasikiliza. Watoto hao walitaka wafundishwe kuhusu mafuriko shuleni na washirikishwe, si kufichwa. Na utafiti wa taasisi ya afya ya umma ya Uingereza kwa watu waliofurikiwa majira ya baridi ya 2013 na 2014 ulikuta, mwaka mmoja baadaye, zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu ana dalili za msongo unaotokana na kiwewe. Maji yalikuwa yamekauka zamani. Nikiwahoji wazazi wa huku baada ya mafuriko, sasa huwa nawauliza mtoto amekuwa akiuliza nini. Mara nyingi mzazi hunyamaza, kisha anamwita mtoto mwenyewe.

Ile kazi ya chuo nilipata alama nzuri. Aya ya majirani niliiacha ilivyokuwa.

Tangu wakati ule, bibi yule bado ananiandikia kadi kila Desemba. Mama yangu anaziweka kwenye kabati la vyombo, na mgeni akizitazama humsimulia jinsi binti yake alivyotoka usiku wa dhoruba kwenda kumwangalia mzee wa watu. Jumuiya yote ya mtaa wetu inaijua habari hiyo. Imeshasimuliwa hata kwenye kitchen party ya mdogo wangu. Sijawahi kumwambia kwamba nilikwenda saa sita mchana, na kwamba nilifuata kibiriti. Mama anasoma ukurasa huu kila wiki kwenye simu yake. Nadhani jioni atanipigia.