Mwinjilisti wa Baraza Letu

Juzi, nikirudi kutoka sokoni kwa njia ya pwani, nilipita kwenye kikanisa cha Wareno, kile chenye paa la makuti, nikamkuta kijana wa mtaa wetu wa Shella, hapa Malindi, akiwaeleza wageni habari zake. Aliwaambia kwamba Padri Francis Xavier alishuka hapa na wanajeshi nyuma yake, akataka kuwabatiza wazee wetu, nao wakamtimua akarudi chomboni. Wageni walipokwisha kupiga picha nilimwita pembeni nikamwuliza, "Mwanangu, maneno hayo umeyatoa wapi?" Akanijibu kwa adabu, "Kwani si ndivyo, mzee? Wao walikuja na dini yao, sisi tukakataa, basi."

Hasira haijanitoka. Si kwa ajili ya Wareno, ambao waliyoyatenda katika pwani hii yanajulikana. Linaloniuma ni kwamba kijana aliyekulia karibu na Msikiti wa Ijumaa na yale makaburi yake ya mnara hajui kuwa Mwislamu na Mkristo walikutana Malindi, wakazungumza habari za Mungu, na wakaachana kwa salama.

Xavier mwenyewe ndiye aliyeandika, katika barua aliyoipeleka Ulaya kutoka Goa mwezi Septemba 1542. Alikuwa ameondoka Lisbon Aprili 1541, akakaa Msumbiji miezi mingi kungoja upepo wa kwendea Bara Hindi, na njiani chombo kikatia nanga Malindi. Mtu mmoja wa chomboni alikuwa amefariki, wakamzika hapa. Kisha Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini akamwuliza Xavier kama kwao watu bado huenda kanisani kwa wingi na kama wanasali kwa moyo. Alitaka kujua kwa sababu Malindi, alisema, ilikuwa na misikiti 17, na iliyokuwa ikisaliwa ni mitatu tu, nayo kwa watu wachache. Jambo hilo lilimsumbua. Wakajadiliana sababu yake ni nini. Hawakukubaliana, kila mmoja akashika rai yake, chombo kikang'oa nanga.

Mimi habari hiyo sikuijua kwa kusoma. Niliisikia nikiwa mtoto, dukani kwa Ami, kinywani mwa mwinjilisti wa Kigiriama ambaye Shella nzima ilimwita Mwalimu.

Ami alikuwa Mshihiri, na duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye giza, mlango wake ukitazama uchochoro unaoteremka baharini. Ukiingia ulikutana kwanza na harufu ya papa mkavu, na usipozoea ulirudi nyuma. Ukivumilia, harufu nyingine zilikuja moja moja: bizari, mafuta ya taa, magunia ya katani yaliyotiwa korosho, sabuni ya mche, na kutoka pembeni kabisa, kahawa aliyokuwa akiikaanga mwenyewe kila asubuhi kwenye kikaango cha chuma. Tangawizi aliitwanga baadaye, alasiri, ndipo wazee walipojua kwamba baraza limefunguliwa. Vikombe vyake vilikuwa vidogo, visivyo na mkono, na alivisuuza kwenye ndoo ileile tangu Alasiri hadi Isha. Nyuma ya mizani alikuwa na daftari la jalada jeusi. Kurasa za kulia aliandika anaowadai, kurasa za kushoto wanaomdai yeye, yote kwa hati ya Kiarabu, na tuliogopa daftari hilo kuliko bakora yake. Mama akinituma sukari ya deni, nilikuwa nikiangalia kalamu inavyokwenda, nikihisi kwamba jina la nyumba yetu linaandikwa mahali ambapo halitafutika.

Chini ya mizani kulikuwa na mtoto wa meza uliofungwa kwa kufuli. Humo ndimo zilimokaa barua za Mwalimu.

Mwalimu alitoka upande wa Kaloleni. Alisoma shule ya misheni huko, akapata ukarani katika shamba la mkonge, kazi ambayo siku zile Mgiriama aliyeipata hakuiacha. Yeye aliiacha. Kanisa likamkubali kuwa mwinjilisti, likampa baiskeli nzito nyeusi na malipo yaliyokuwa robo ya mshahara wa ukarani, akaanza kuzunguka: Vitengeni, Jilore, Kakoneni, Gede, kisha ng'ambo ya Sabaki hadi Magarini na Marafa. Nyumbani alimwacha mke na watoto, na alirudi kwao mwisho wa mwezi, mvua ikiruhusu, na feri ya Kilifi isipokuwa imeharibika. Mkewe alimwandikia kwa anwani ya Ami kwa kuwa Shella ndipo mahali pekee alipokuwa na hakika ya kupita. Baiskeli ikitoboka, ilikaa ndani ya duka, ikiegemezwa kwenye magunia ya korosho.

Kwa nini Shella, mji wa Waislamu watupu? Nilimwuliza baba. Akasema Mwalimu hakuja Shella kuhubiri, alikuja kupumzika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wala haikuwa siri. Alihubiri kwa Wagiriama wenzake huko mashambani, na alipofika kwetu aliivua kazi hiyo kwenye kizingiti pamoja na viatu. Lakini Ami hakumwacha apumzike. Ami alipenda mabishano. Akishamtilia kahawa tu, humwambia, "Haya Mwalimu, leo nifahamishe, Mungu atakuwaje na mwana?" Na Mwalimu hufungua Biblia yake ya Kiswahili, iliyofungwa kwa kitambaa cha kanga, na wazee hao wawili hushikana mpaka adhana ya Magharibi. Ami huenda msikitini, Mwalimu hubaki akilinda duka. Naam, alilinda duka: aliuza, akapima, akatia pesa kwenye kopo, na Ami akirudi hakuzihesabu.

Ramadhani Mwalimu hakula wala kunywa mchana mbele ya watu wa Shella. Hakuna aliyemwambia. Ami alimwekea maji nyuma ya magunia, na Mwalimu hakuyagusa. Jua likizama alifuturu nasi, muhogo wa nazi na kaimati, akaomba dua yake kimya kimya kabla ya kupeleka mkono kwenye sinia.

Kwenye baraza hilo ndipo nilipojifunza historia ya pwani yetu, maana shuleni tulifundishwa ya Uingereza. Mwalimu alisimulia habari za mmisionari Krapf, aliyefikia Takaungu kabla hajafika Mombasa mwaka 1844, akakaribishwa vizuri na Wamazrui, na mwaka huohuo mwezi Julai akamzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ami alikuwa akingoja sehemu moja tu ya kisa hicho. Ikifika, hupiga goti lake: Krapf alipotaka kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. "Kadhi wetu!" Ami husema. "Bila kadhi wetu mngesoma nini?" Na Mwalimu hukubali, maana ni kweli.

Kisa alichokipenda Mwalimu mwenyewe ni cha William Jones, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akaokolewa, akalelewa na wamisionari Bara Hindi, kisha akaletwa Rabai mwaka 1864. Askofu Hannington alimpa daraja la ushemasi Rabai mwaka 1885, na mwaka uleule wakafunga safari pamoja kwenda Uganda. Walipofika upande wa Mumias, Hannington akachukua watu hamsini akatangulia, akamwacha Jones na msafara uliobaki. Oktoba akauawa Busoga. Jones alingoja wiki nyingi, habari zikamfikia vipande vipande, na mwishowe akawakusanya waliosalia akawarudisha kwa miguu hadi Rabai, wakafika Februari 1886. Mwalimu akifika kwenye kungoja kule, sauti yake ilishuka. Hannington, alisema, ametajwa katika vitabu, na huyu aliyerudi na watu wakiwa hai ndiye niombaye nifanane naye.

Halafu yakaja mafuriko. Mimi husema ni yale ya mwaka 1961, yaliyoikata nchi nzima. Dada yangu anashikilia kwamba ilikuwa masika ya baadaye kidogo, kwa sababu yeye alikuwa keshaolewa. Na iwe hivyo. Sabaki ilijaa, maji mekundu yakaonekana baharini mpaka kwetu, na Mwalimu alikuwa ng'ambo, Marafa, kwa mgonjwa aliyemwita. Alivuka kwa mtumbwi wakati wavuvi wenyewe walikuwa wamekataa, akaingia Shella anatetemeka kwa homa. Ami akamlaza stoo. Mama akampelekea uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, na nilikuwa nikibeba mimi. Alipoanza kupata nafuu ndipo dereva wa lori alipoleta ujumbe kutoka Kaloleni. Mtoto wake mdogo alikuwa ameshikwa na surua. Barabara imekatika, feri haivuki, na ujumbe ulikuwa umekaa Kilifi. Alipofika kwao, kaburi lilikuwa limeshaanza kuota majani.

Tulidhani hatutamwona tena. Alirudi kabla mwezi haujaandama mara mbili, amekonda, na baiskeli ileile. Ami hakumtilia kahawa siku hiyo kabla ya kumwuliza, na sikuwahi kumsikia akisema kwa ukali namna ile. Alimwambia, Mwalimu, hii kazi gani inayokula watoto? Rudi ukarani, mimi nitakwenda mwenyewe kwa bwana wa shamba nikuombee. Mwalimu alikaa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mkewe amemwuliza neno hilohilo, na amemjibu kuwa yule mgonjwa wa Marafa naye alikuwa mtoto wa mtu. Ami akageuka akaingia ndani. Hawakubishana habari za dini kwa majuma mengi, na hilo ndilo lililotutisha zaidi watoto.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba Xavier, alipokuwa Ambon mwaka 1546, aliwaandikia wenzake wa Ulaya kuwa amekata majina yao kutoka kwenye barua walizomwandikia, sahihi zao wenyewe, na anatembea nazo mwilini. Alikuwa amelala chumba kimoja na Ignatius wa Loyola na Pierre Favre walipokuwa wanafunzi Paris, na tangu ashike njia ya Bara Hindi hakuwaona tena. Juni 1553 Ignatius alimwandikia arudi Ulaya. Xavier alikuwa amekufa tangu Desemba 1552, kwenye kisiwa kimoja cha pwani ya China. Niliposoma nilikumbuka ule mtoto wa meza wa Ami. Kuna watu ambao imani yao huwapa rafiki kila mji na kuwanyima kukaa na yeyote kati yao, na ninawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza, mimi Mwislamu ambaye sijawahi kushawishika hata siku moja na aliyoyahubiri Mwalimu.

Miaka ya sabini mahoteli yakaja, vijana wakajifunza Kiitaliano, baraza likapungua watu. Daraja la Kilifi likafunguliwa 1991, na wahubiri wakaanza kufika kwa magari, na vipaza sauti, na vyeo ambavyo Mwalimu hakuwahi kuvitaka. Kipaza sauti cha mkutano wa Injili hujibizana na kipaza sauti cha mhadhara, usiku kucha, na kila upande unawaeleza watu wake makosa ya upande wa pili bila ya upande wa pili kuwepo. Mwenye kuuliza haulizi tena, hutangaza. Tangu miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja, watoto wakiwemo, ifukuliwe msitu wa Shakahola mwaka 2023, mhubiri mgeni akipita Malindi hutazamwa kwa jicho la shaka, na siwezi kuwalaumu wanaomtazama hivyo. Dini inayomtaka mfuasi atoe mtoto wake wakati mhubiri hatoi chochote, hiyo Mwalimu asingeitambua. Yeye alianza na mshahara wake, akamalizia na miguu yake, iliyovimba mpaka hakuweza tena kupanda baiskeli.

Alikufa kabla ya daraja. Habari zilipofika Shella, Ami, naye akiwa mzee sana, alikodi matatu, tukaenda wanaume wa baraza, tukavuka feri, tukafika Kaloleni wakati jeneza linatolewa kanisani. Tulisimama nyuma, na kofia zetu, watu wakitugeukia. Baada ya nyimbo mchungaji akauliza kama kuna wageni wa mbali wenye neno. Ami akapita mbele. Akafanya kama tufanyavyo sisi kwenye maziko yetu: akawauliza watu kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze. Akasema yeye mwenyewe anamdai sukari na mafuta ya taa ya miaka mingi, na ameyasamehe yote mbele ya Mungu. Kisha akasema, "Na mimi nina deni lake. Mtu huyu amenilindia duka miaka yote nikisali, na sikumlipa hata senti. Watoto wake waje walidai."

Watu walidhani ni maneno ya msibani. Mwaka uliofuata kitindamimba wa Mwalimu, aliyezaliwa baada ya yule aliyekufa kwa surua na kusoma kwa kukatakata karo ilipokosekana, alifika dukani na barua ya shule. Ami alimlipia mpaka akamaliza kidato cha nne. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea daftari macho yake yalipofifia, na malipo ya shule yale yote ameyaandika kurasa za kushoto, upande wa madeni yake mwenyewe.